Saa za Kufungua: Maji Yakitoka

Nyinyi mliobaki ofisini mmeniomba niandike machache ya kuwafaa kabla sijasahau. Sijasahau kitu. Nimestaafu kazi, sikustaafu akili, na ngazi za mtaa wa Mkomani bado nazipanda bila kushikwa mkono. Vyeo nilivyopewa na nilivyonyimwa sitavitaja. Aliyetaka kuvijua angeniuliza nilipokuwa navingoja. Nitaandika kazi yenyewe: kukagua nyumba za kulelea watoto, kuzipa leseni au kuzinyima, na kupitisha madai yao ya malipo. Na habari ya kisiwa cha Ndau nitaiandika kwa kirefu, kwa sababu nimesikia mnavyoisimulia mkinywa chai, na mnaisimulia vibaya.

Aliyenifunza kazi ni Bi Maimuna, mkaguzi mkongwe wa Mkomani, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo. Asubuhi yangu ya kwanza alinipa mkoba. Ndani mlikuwa na futi kamba, tochi, kalamu mbili na kanga iliyokunjwa. Nikauliza kanga ya nini.

"Ya kuketia," akasema. "Mkaguzi hakai kitini. Wana wako tini, nawe utakaa tini uone wanavyoona wao."

Mimi nilidhani ni maneno ya wazee. Kumbe ukikaa sakafuni ndipo unapoona waya wa umeme ulioachwa wazi nyuma ya kabati, mafuta ya taa chini ya kitanda, na ndoo ya maji isiyo na kifuniko. Ukisimama unaona rangi ya ukuta tu. Nimesoma ripoti zenu za siku hizi, zinasifu sana rangi za kuta.

Nyumba ya kwanza ilikuwa Langoni, nyuma ya karakana ya mafundi seremala. Kanuni inataka kila mlezi awe na watoto kwa kiasi, wasizidi, kwa hiyo lazima uwahesabu. Nikasimama katikati ya chumba na kidole changu: mmoja, wawili, watatu. Sijafika mbali, bibi mwenye nyumba akainuka na kumfunika mtoto aliyekuwa karibu kwa buibui lake.

"Ewe! Wana wa watu hawaonyeshwi kidole wakahisabiwa kama kuku!"

Mimi mzaliwa wa Langoni, na mamangu angenipiga kofi kwa jambo lile lile. Lakini mtu akishikishwa karatasi ya serikali husahau kwao. Bi Maimuna akaomba radhi kwa niaba yangu, akanivuta hadi mlangoni, akanionyesha ndara zilizopangwa kwenye kizingiti.

"Hesabu hizo," akasema. "Kisha uliza wa kubebwa ni wangapi, mashallah. Na hiyo mashallah usiisahau."

Hivyo ndivyo nilivyohesabu watoto wa visiwa hivi kwa miaka yote ya kazi yangu. Ndara mbili ni mtoto mmoja, na wachanga wasiovaa ndara unawauliza kwa adabu. Mkuu mmoja aliwahi kusema hiyo si njia ya kisayansi. Nikamwambia aende akawaonyeshe kidole wana wa Langoni, kisha arudi anieleze sayansi ilivyompokea.

Bi Maimuna alinifunza pia kupiga hodi na kungoja. Nyumba ya kulelea ni nyumba ya mtu, mara nyingi ni ndani kwa wanawake, na leseni haikupi ruhusa ya kuingia kama upepo. Alinifunza kusoma nyumba za mawe za Mkomani, ambazo huipa njia mgongo na kupumua kwa ndani. Mgeni mmoja kutoka makao makuu alitaka nyumba moja inyimwe leseni kwa kuwa haina dirisha upande wa njia. Bi Maimuna alimkalisha uani saa sita mchana, penye upepo na kivuli, akamwacha pale mpaka akaanza kusinzia. "Haya," akamwambia, "sasa niandikie kuwa nyumba haina hewa." Hakuandika. Nilicheka njia nzima.

Alipofariki, Allah amrehemu, mkoba ule ulibaki kwangu pamoja na kanga yake.

Sasa niwaeleze malipo, kwa sababu wengine wenu mnayaona kama jambo la kompyuta. Mama asiye na uwezo hulipa kidogo, na serikali huongezea ruzuku kwa kila siku aliyokuwapo mtoto. Ili mlezi alipwe, mzazi atie sahihi au dole gumba akimleta mtoto, na tena akimchukua. Siku isiyo na sahihi hailipwi. Na siku ambayo nyumba imefunguliwa nje ya saa zilizoandikwa kwenye leseni hailipwi pia, hata kama watoto walishinda pale, wakalishwa, wakaoshwa na kulazwa. Saa zilizochapwa kwenye kila leseni zilikuwa moja: saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Aliyezichapa alikuwa mtu wa nchi kavu, bila shaka mwenye saa nzuri ya mkononi.

Kwa Langoni saa hizo zilifaa. Kwa Ndau ndiko zilikoleta vita.

Ndau mlezi alikuwa Bi Mwanatumu, mjane aliyefungua nyumba yake kwa wana wa majirani. Siku moja mwenzangu aliyetumwa kukagua alirudi na ripoti ya mstari mmoja: nyumba ni tupu, hakuna mtoto. Akatumwa mwingine mwezi uliofuata. Tupu. Wakati huo huo madai yalikuwa yakija, yenye sahihi za akina mama na madole gumba yao. Mkuu wetu, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa bado tunasalimiana sokoni, akayatandaza mezani.

"Hawa ni watoto hewa," akasema. "Bi Salma, nenda ukafunge. Hati hii, jaza, tia sahihi yako, umpe."

Nikaenda na ile hati mkobani, na moyo wangu umekasirika. Siwapendi watu wanaokula kwa jina la watoto, na nilikuwa tayari kumwambia hivyo usoni. Nahodha wa boti la ofisi, Bwana Shee, alinishusha maji yakiwa yamejaa mpaka karibu na nyumba za mwanzo. Nilishuka bila kulowa hata kifundo.

Nyumba niliikuta imefagiwa. Susu za kulazia wachanga zilining'inia kwenye boriti, mkeka umetandikwa, mtungi umefunikwa, na hakuna mtoto hata mmoja. Kizingiti hakikuwa na ndara. Bi Mwanatumu alikuwa ameketi peke yake akisuka ukili.

"Watoto wako wapi?" nikauliza, hata salamu sikuimaliza vizuri.

"Kwao."

"Saa nne ya asubuhi? Siku ya kazi?"

Akaniangalia kama mtu anayeulizwa kwa nini jua liko juu. "Mai yameyaa, Bi. Mai yakiyaa mama zao wako mayumbani. Nimwibie mtu mwanawe na yeye yupo?"

Nikaona ni maneno ya kunizungusha. Nikakaa juu ya kanga ya Bi Maimuna, nikatoa hati na kalamu. Nilishaandika jina la nyumba nilipomtuma mtoto wa jirani amwite Bwana Shee tuondoke mara nikimaliza. Akaja na jibu kwamba Bwana Shee yuko kwa dadake, ameandaliwa tambi, na asingependa kuzikataa. Alipomaliza tambi na kahawa ya baada ya tambi, boti letu lilikuwa limekaa mchangani na bahari imekwenda zake. Nilimsema Bwana Shee maneno ambayo sitayaandika hapa.

Nikiwa bado namsema, ndara zikaanza kuja.

Walikuja kutoka kila upande wa kijiji, mama na mwana, mama na wana, haraka haraka, kwa kuwa maji hayamsubiri mtu. Kila mama alikuwa na ndoo na chuma cha kuchokolea pweza. Walitia sahihi zao wamesimama, wakambusu mtoto, wakashuka mwambani. Msaidizi wa Bi Mwanatumu, binamu yake mwenye mabega mapana, alikuwa ameshafika na sufuria ya uji. Susu zikajaa. Kizingiti kikajaa ndara mpaka zikamwagika nje kwenye mchanga. Nikazihesabu, nikauliza wa kubebwa mashallah ni wangapi, nikalinganisha na madai. Yalikubaliana.

Hapo ndipo nilipoelewa, na kucheka nilishindwa. Boti la ofisi huenda Ndau maji yakijaa, kwa sababu yakiwa yametoka halifiki. Akina mama huenda mwambani maji yakitoka, kwa sababu yakiwa yamejaa hakuna mwamba. Kwa hiyo kila mkaguzi wetu aliyewahi kwenda Ndau alifika saa ambayo nyumba ile haina kazi, akaandika kuwa haina watoto, akarudi na maji yale yale. Na kwa kuwa maji hubadilisha saa kila siku, kuna siku nyumba ile ilifunguliwa alfajiri na siku nyingine adhuhuri, na leseni haikujua lolote kati ya hayo.

Mama mmoja, Rukia, alichelewa kushuka. Alikuwa ameiona ile hati mapajani mwangu.

"Mumekuya kufunga?" akaniuliza.

Nikaifunika hati kwa kiganja.

"Mimi huyu," akamgusa kichwani mwanawe aliyemshika nguo, "kabla ya nyumba hii nalikenda naye. Siku moya nalimweka yuu ya mwamba, penye kivuli, nikamwambia kaa hapa. Nikaenda mbali kidogo kwa pweza. Nalirudi nikamkuta mai yamemfika kifuani, na hakulia. Nalimwambia kaa, akakaa."

Akashuka na ndoo yake. Mimi niliikunja ile hati nikaitia mkobani, nikangoja maji yarudi.

Kesho yake niliirudisha hati mezani kwa mkuu bila sahihi. Nikamweleza nilichokiona. Alisikiliza, nampa haki yake. Kisha akasema, "Hata kama watoto wapo, saa si za leseni. Sheria haisomi maji."

Ukutani nyuma ya kiti chake palibandikwa jedwali la maji la mwaka mzima, lenye alama za kalamu nyekundu. Nikalinyooshea mkono.

"Na lile ni la nani?"

"Lile ni la boti, lisikwame."

"Basi ofisi hii husoma maji kila asubuhi. Boti limeruhusiwa kungoja maji, mtoto wa Rukia hakuruhusiwa?"

Akaniambia niache ukaidi. Nikamwambia ukaidi nimeurithi kwa mamangu na sina mtu mwingine wa kumwachia, nitakaa nao. Akaniambia nitie sahihi. Nikakataa. Kanuni inasema hati ya kufunga hutiwa sahihi na mkaguzi aliyeiona nyumba mara ya mwisho, na mimi nilichokiona hakifungiki. Akaniambia nitapewa onyo. Nikamwomba aliandike vizuri, kwa herufi kubwa, macho yangu yameanza kuchoka.

Nilipewa. Nikaondolewa kwenye ukaguzi, nikakalishwa chumba cha nyuma kugonga mihuri. Kuna wenzangu walioacha kunisalimia, wakarudi kunisalimia baadaye, wote nawakumbuka. Lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba malipo ya Ndau yalizuiliwa. Yule binamu mwenye mabega mapana hakuweza kufanya kazi ya bure, akachukua ndoo akashuka mwambani na wenzake. Bi Mwanatumu alibaki peke yake na susu zile zote, na habari zikanifikia kwamba ameanza kuwarudisha baadhi ya akina mama mlangoni. Rukia alikuwa mmoja wao. Niliposikia hivyo nilifunga mlango wa chumba cha mihuri nikalia, na nilikuwa nalia kwa hasira.

Haukupita muda mrefu mkuu akaamua kwenda kufunga mwenyewe. Alinihitaji kwa kuwa mimi ndiye niliyemjua mlezi, na kupanga safari ilikuwa kazi ya chumba cha nyuma. Nikaipanga. Nilimfuata Bwana Shee nyumbani kwake nikamwomba jambo moja, kwamba asubuhi ile injini iwe nzito kuwaka.

"Mpaka saa ngapi?" akauliza.

"Wewe wayajua maji kuliko mimi."

Asubuhi ile injini ilikohoa, ikanyamaza, ikafunguliwa, ikafungwa, ikasafishwa plagi ambazo hazikuwa chafu. Mkuu alitazama saa yake mara nyingi. Jedwali la maji hakulitazama hata mara moja. Tulipofika Ndau bahari ilikuwa inajivuta, na boti likasimama mbali kabisa na nyumba. Mkuu alikunja suruali, akashika viatu mkononi, akatembea kwenye tope hadi ufuoni. Akina mama walitupita wakishuka, wakamwamkia kwa heshima zote, na mimi nilitazama chini ili asinione uso.

Kizingiti kilikuwa kimejaa ndara. Akaingia, akasimama katikati ya chumba, akainua kidole: mmoja, wawili. Bi Mwanatumu alikuwa na mtoto mchanga mmoja begani na mwingine analia kwenye susu. Alimwendea mkuu, akakishusha kile kidole polepole kwa mkono wake.

"Bwana, wana hawahisabiwi hivyo. Ndara ziko mlangoni. Na kama mikono yako haina kazi, mshike huyu."

Akampa mtoto.

Mkuu wetu alikuwa baba wa watu, alijua kushika mtoto. Alikaa. Hakukuwa na kiti, na mimi nikamtandikia kanga ya Bi Maimuna. Hakuweza kuondoka, maji yalikuwa yamekwenda, na kuondoka ni mpaka yarudi. Alikaa pale kipindi chote cha maji kupwa na mtoto kifuani, akiangalia mwanamke mmoja akifanya kazi ya watatu. Aliona walivyorudishwa wawili mlangoni, na mmoja wa hao alikuwa Rukia na mwanawe. Alimshika mtoto mkono, akashuka naye mwambani. Mkuu aliwafuata kwa macho mpaka wakawa wadogo.

Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ndiye yule uliyeniambia?"

"Ndiye."

Alipolala yule mchanga, alitoa leseni mkobani mwake, akaiweka juu ya goti, akayakata kwa kalamu maneno ya saa mbili hadi saa kumi na moja, akaandika juu yake: maji yakitoka, kwa jedwali. Akatia sahihi. Malipo yalifunguliwa, binamu akarudi na mabega yake, na mwana wa Rukia akapata tena mahali pa ndara zake. Tukiwa botini kurudi, mkuu akaniambia, "Usinifanyie tena mchezo huu." Sikumwahidi. Bwana Shee akawasha injini, na siku hiyo iliwaka mara moja.

Hiyo ndiyo habari yenyewe. Haikuwa bahati, na mkuu hakuwa na huruma ya ghafla kama mnavyosema. Alipelekwa mahali, kwa makusudi, kwa saa niliyoichagua mimi, na sijutii.

Sasa nije kwenu. Leseni ya Ndau imefika wakati wa kufanywa upya, na Bi Mwanatumu macho yake hayaoni tena vizuri, ametaka kupumzika. Mmeleta mfumo mpya wa tableti. Nilipokuja kuuliza, kijana wenu wa mapokezi, mwenye adabu lakini mwenye haraka, akaniambia, "Bi Salma, system haikubali. Hapo kwa saa inataka namba tu. Tutaweka mbili hadi kumi na moja, ama tui-drop."

Mui-drop. Muwatupe watoto wa watu.

Nilimuuliza kama ameshawahi kufika Ndau. Akasema alifika, nyumba ilikuwa tupu.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Nimejaza ombi la leseni kwa karatasi, kama kanuni zinavyoruhusu bado, na mmeligonga muhuri wa kupokelewa. Muhuri ule nimewahi kuushika miezi mingi, naujua. Mwombaji ni mimi, kwa nyumba ile ile ya Bi Mwanatumu. Cheti cha afya ninacho, cha tabia njema ninacho, ingawa mkuu wa zamani angeweza kubisha. Kisima kimezungushiwa ua, mchanga wa kuzimia moto uko kwenye ndoo, waya zote nimezikagua nikiwa nimekaa sakafuni. Binamu bado ana mabega yake. Na anayepika uji na kuandikisha majina ni mwana wa Rukia, yule yule aliyeambiwa akae akakaa, kijana sasa mwenye ndevu anazozisifu mwenyewe. Penye saa za kufungua nimeandika yale maneno aliyoyaandika mkuu, neno kwa neno.

Kanuni mnazoziapia zinasema ombi halikataliwi mpaka nyumba ikaguliwe na watoto wakiwamo. Mimi nimeitumia kanuni hiyo kabla hamjazaliwa wengine wenu, na nitakaa nayo mlangoni. Basi njooni. Jedwali la maji liko ukutani pale pale, nyuma ya kiti. Mkija maji yakijaa mtanikuta nasuka ukili peke yangu, nami sitawatilia sahihi karatasi yoyote. Mkija maji yakitoka, kunjeni suruali. Vueni viatu mlangoni kila mmoja wenu, na mviweke mbali na ndara za watoto, kwa sababu nitazihesabu mwenyewe, na sitaki mtu mzima aongezeke kwenye madai yangu.